Punje za Mama Vumbi

Mtaani walimwita Mama Vumbi, na aliyembandika jina hilo hakukosea. Kila alipotoka stoo alikuwa mweupe kuanzia kope hadi kucha za miguu, kana kwamba kuna mtu amemmwagia debe zima la unga kisha akatokomea. Jina lenyewe hakulichukia. Alichochukia ni watu kulitamka kwa sauti ya huruma, na siku za karibuni huruma ilikuwa imezidi kipimo.

Ilizidi kwa sababu ya kikohozi. Kilianza kama mzaha, kikakaa, kikahamia kifuani na virago vyake vyote. Alikohoa akichanganya chakula cha kuku, akakohoa akiwalisha, akakohoa akibishana na wanawe kwamba yeye hakohoi. Binti yake, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuwa akikisikia kikohozi hicho kutoka getini, na machozi yakimlengalenga kabla hata hajabisha hodi.

Mume wa Mama Vumbi, marehemu sasa, alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka. Alimwachia mkewe nyumba, mashine moja ndogo, na imani ambayo mjane huyu aliishika kuliko hata mashine yenyewe: unga mzuri ni unga laini. Kwa hiyo alipojenga banda nyuma ya nyumba na kuanza kufuga kuku wa nyama, hakununua chakula cha dukani. Alisaga mwenyewe mahindi, mashudu, soya na samaki wakavu, akatia chokaa, chumvi kidogo na virutubisho vya pakiti, kisha akasaga tena. Wafugaji wengine husaga mara moja. Yeye alirudia, halafu akachekecha, kama anayemwandalia mtoto mchanga uji wake wa kwanza. Aliwapenda wale kuku kwa namna yake, ingawa alijua vizuri safari yao inaishia wapi.

Basi kundi la mwisho lilimwaibisha. Kuku walitoka wadogo, na mbaya zaidi hawakulingana: huyu mnene, yule kama ameazimwa kutoka kundi jingine. Mwenye bucha, mteja wake wa siku zote, aliwapitia mmoja mmoja akiwabonyeza vifua, akachukua nusu, na waliobaki akawaita njiwa. Alisema kwa upole, lakini njiwa ni njiwa tu.

Wiki hiyohiyo wanawe wakaitisha kikao cha familia sebuleni kwake, bila kumuuliza kama sebule ina nafasi. Aliyekiongoza ni kifunguamimba, karani ofisini, mtu anayependa mambo yaende kwa utaratibu hata wakati wa kula. Alianza kwa kumsifu mama, na mama akajua papo hapo kwamba kuna jambo, maana mtoto huyu hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta bure. Kumbe mambo yalishapikwa yakaiva. Nyumbani kwa binti kulikuwa na chumba kimepakwa rangi, kina pazia jipya, godoro jipya na feni darini. Mama angehamia huko akapumzike. Banda lingevunjwa.

"Kupumzika ni kwa waliochoka," Mama Vumbi alisema. "Mimi nakohoa tu."

Ikawa mvutano. Kifunguamimba alisema banda ndilo linalomuua. Binti alilia. Mama akatia ngumu: alitaka kundi moja zaidi, moja tu, waone. Karibu na mlango, akiangalia viatu vyake, alikaa mkwe wake, mume wa binti. Heshima ya ukwe ilimkataza kumkodolea macho mama mkwe au kubishana naye ana kwa ana, na mkwe huyu aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa na duka la chakula cha mifugo, na kilichomtoa kimaisha ni peleti, zile punje ngumu zinazoshindiliwa kiwandani, kila punje ikiwa na kila kitu ndani yake. Wakati fulani alimtuma mkewe aseme kwamba chakula cha mama ni kizuri sana, ila ni laini mno kwa kuku. Mama Vumbi alikasirika, akamsalimia mkwe wake kwa midomo mikavu kuanzia kifukuto hadi mvua.

Sasa mkwe alimnong'oneza mkewe, na mkewe akasema kwa sauti: kama mama ameamua kufuga tena, mume wake angeleta peleti za kundi zima, bila malipo.

"Mwambie mume wako namshukuru," Mama Vumbi alijibu, ilhali mume mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka alipokaa. "Lakini wakila chakula chake, hao ni kuku wake. Mimi nitakuwa kibarua wa kuwafagilia."

Mwishowe wakakubaliana. Angefuga kundi moja. Ikiwa siku ya kuuza mwenye bucha atachagua tena na kubakiza njiwa, au kikohozi kitakuwa bado kifuani, mama atafunga virago ahamie kwa binti. Kifunguamimba akataka aahidi mbele ya wote. Akaahidi haraka, akainuka kwenda kukagua vinyweo vya kuku.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kufa. Alikiogopa kile chumba chenye pazia jipya. Alijiona humo amekaa juu ya godoro, mikono misafi mapajani, akisubiri kuitwa mezani kama mgeni, akiulizwa kila saa kama amelala vizuri. Mwanamke aliyewalea wawili kwa jasho lake atakaaje hivyo? Hata kukohoa angelazimika kukohoa kwa adabu.

Asubuhi iliyofuata aligeuza ndoo bandani, akaikalia, na kufanya jambo ambalo, kwa miaka yote ya kufuga, hakuwahi kulifanya kwa utulivu: kuwatazama kuku wanavyokula. Wale njiwa wa mwenye bucha walikuwepo bado. Akawamwagia chakula chake laini, akasubiri. Walikuja mbio, wakadonoa, kisha wakaanza kupekua. Walikuwa wanatafuta. Kila chembe ya hindi iliyoponea kwenye mashine waliigombania, wenye nguvu wakaimaliza, na unga wenyewe, wenye samaki na soya na virutubisho, ukabaki chini ya chombo ukigeuzwageuzwa na makucha. Wanyonge waliobakiwa nao walijitahidi. Ukawaganda mdomoni kama lami. Wakaenda kuunawa kwenye kinyweo, maji yakawa tope, na wenzao wakayanywa hivyohivyo. Nusu ya kazi ya mikono yake ilikuwa imelala kwenye maranda ya sakafuni au imeelea kwenye maji.

Mama Vumbi alikaa pale hadi ndoo ikamuumiza. Kuku hana meno, wala mate ya maana. Kuku hudonoa, na anayedonoa anahitaji kitu cha kudonoa. Kumbe lile penzi lake la kusaga mara mbili ndilo lililowadumaza viumbe wale, na vumbi la penzi hilohilo ndilo lililomkaa kifuani. Alimkasirikia marehemu kidogo, kisha akajikasirikia mwenyewe sana. Na mkwe, yule wa kuangalia viatu, alikuwa amesema kweli tangu zamani.

Mtu mwingine angevuka mtaa akachukue peleti na yaishe. Wazo hilo lilimjia, akaliangalia, akalifukuza kama anavyofukuza paka kutoka bandani. Kosa lilikuwa kwenye umbo, si kwenye mkono wake. Viungo ni vilevile, na vipimo anavijua. Kilichokosekana ni kuvishindilia vikae pamoja. Akaingia jikoni, akapanda kwenye kiti, akashusha kutoka juu ya kabati ile mashine ya chuma ya mkono ya kusagia nyama aliyopewa siku ya harusi. Haikuwa imeonja nyama miaka mingi. Akaifunga ukingoni mwa meza kwa skrubu yake, akaizungusha kavu, ikalia kama inayolalamikia kuamshwa.

Kwanza alitoa chujio la matundu madogo kwenye mashine ya nafaka, akaweka la matundu makubwa, akasaga mara moja tu. Moyo ulimuuma kuona chenga zile, lakini alipiga moyo konde. Kisha akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akaumimina ungali moto kwenye mchanganyiko wa chakula, akakanda mpaka ukashikana, na kuupitisha kwenye mashine ya nyama. Ukatoka upande wa pili kama minyoo ya kahawia. Akaikata kwa kisu vipande vidogo, akavianika juu ya bati.

Jirani yake, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake, alichungulia juu ya uzio akauliza kama siku hizi kuku wanakunywa chai na biskuti. Mama Vumbi akamjibu kwamba wakinywa watamwalika, aje na kikombe chake.

Biskuti za kwanza ziliharibika. Anga lilikuwa limefunga, punje zikakauka nje zikabaki mbichi ndani, naye kwa papara akazitia kwenye gunia. Alipolifungua, harufu ya ukungu ilimpiga usoni. Hapo hakujadiliana na nafsi yake. Alijua ukungu unavyoua kuku, akavuta gunia mpaka shimo la taka akalimwaga lote, fundi cherehani akitazama juu ya uzio. Mama Vumbi alirudi jikoni akalia kidogo, akanawa uso, akabandika sufuria ya uji upya.

Mara ya pili alizianika zimetandazwa nyembamba, akazigeuza jua lilipopanda, akawa anavunja moja moja kusikiliza. Iliyokauka hulia kwa mkato. Aliiangusha nyingine sakafuni: ikipasuka na kuwa unga, uji ni mdogo, ikidunda kama jiwe, umezidi. Alibahatisha na kurekebisha mpaka zikawa zinavunjika vipande viwili tu, basi.

Vifaranga walipofika wakilia ndani ya boksi lao, punje zilikaribia kuwa kubwa kuliko vichwa vyao. Hilo nalo hakulikubali. Alizitandaza mezani akazipitishia chupa, kama anayesukuma unga wa mikate, zikawa chenga, kisha akachekecha. Chekeche lilelile ambalo zamani lilimwekea laini na kutupa chenga, sasa liliweka chenga, na laini akairudisha kwenye ukandaji wa kesho yake. Vifaranga walidonoa, wakameza, wakarudi. Midomo yao ilikuwa safi. Maji yao yalikuwa maji. Mama Vumbi alicheka peke yake bandani, na kicheko hakikugeuka kikohozi, lakini hakulitambua hilo kwa wakati ule.

Vifaranga wakikua, matumbo nayo hukua. Kazi ya mashine ikazidi. Mkono wa kulia ukamvimba begani, akazungusha kwa kushoto. Wa kushoto ukachoka, akarudia wa kulia. Kwa wanawe hakusema neno. Siku moja mkwe wake akaja na ujumbe wa mkewe, akamkuta amesimama jikoni ameushika mpini wa mashine, hauzungushi wala hauachii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mkwe aliangalia viatu vyake, kisha mashine. "Naomba nizungushe."

"Wewe una duka lako."

"Duka lina mtu, mama. Mashine haina."

Akamwachia mpini bila kumtazama. Mkwe akavua koti akazungusha, naye akawa anakata. Wakafanya kazi mpaka beseni likawa nusu. Ndipo mkwe, akiiambia mashine na si mama mkwe, akasema kwamba kuku wa punje anakula upesi na kushiba upesi, hana tena kazi ila kunenepa, na mwili ukitangulia sana, miguu na moyo vinabaki nyuma. Joto la mchana ndilo humaliza wale wakubwa. Kuna wafugaji huinua vyombo vya chakula jua likiwa kali. Alisema hayo, akavaa koti lake, akaaga.

Ushauri ulikuwa mzuri. Mama Vumbi hakuufuata, kwa sababu moja tu, ya nani aliyeutoa, na mimi sitamtetea. Siku chache baadaye, mchana wa jua la kuchoma, jogoo mkubwa kuliko wote, ambaye alimwita Bosi kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, alirusha mbawa mara moja akalala chali. Alipomfikia alikuwa ameshakwenda. Na pembeni mwingine mzito alikuwa amekaa kitako, anakula huku amelalia miguu isiyotaka kumbeba.

Alimwinua yule aliyekaa, akamsogeza penye kivuli. Kisha akaleta kamba, akavifunga vyombo vyote, akavitundika juu, na tangu siku hiyo kila jua lilipokuwa kali vilipanda, likipoa vikashuka. Kuku wakazoea kutembea wakivisubiri, na kutembea kukawakaza miguu. Binti alipokuja kumjulia hali, mama alimwagiza ujumbe: "Mwambie mume wako vyombo nimevitundika." Hakuongeza neno. Waliomjua walielewa kwamba hiyo, kwa Mama Vumbi, ilikuwa hotuba nzima ya kuomba radhi.

Kikohozi kiliondoka kama kilivyokuja, bila kuaga. Aligundua asubuhi moja alipokuwa akimtolea uvivu fundi cherehani, aliyeacha mbuzi wake wakalifikia bati la punje. Alimsema, akamsema tena, akamaliza, akakuta hajakatika pumzi hata mara moja. Fundi cherehani ndiye aliyesema, kwa masikitiko, kwamba zamani angalau kulikuwa na mapumziko.

Siku ya kuuza walifika wote. Mwenye bucha alitundika mzani wake wa ndoano mlangoni mwa banda. Kifunguamimba alikuja na nguo za ofisini, amekunja suruali. Binti alisimama karibu na mama yake akisikiliza kifua chake kuliko anavyosikiliza maneno. Mkwe alibaki mbali kidogo, mahali panapomstahili. Mwenye bucha akatoa kuku wa kwanza, akambonyeza, akampima. Wa pili. Wa tatu. Alipofika katikati akaacha kubonyeza, akawa anapokea tu. Kuku walikuwa wamelingana, na wamesimama wima.

"Nachukua wote," alisema.

Kifunguamimba, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, aliuliza hao wakilinganishwa na wale wa peleti za kiwandani wakoje. Mwenye bucha hakuficha. Wa kiwandani wanawazidi hawa kidogo kwa uzito. Ila hawa hakuna wa kumrudisha, na yeye amechoka kuchagua. Mama Vumbi alipokea jibu hilo bila kukunja uso. Alishalijua, alikuwa amewanyanyua kuku wake mwenyewe kila siku.

Mwenye bucha alipoondoka, banda likawa tupu na kimya, maranda yakinuka, vyombo vikining'inia. Kifunguamimba alikohoa kidogo, yeye sasa, akamshika mama yake mkono. Akamwambia kwamba wote wamefurahi, kwamba ameonyesha alichotaka kuonyesha, na sasa ni vizuri apumzike akiwa mshindi, kwa heshima zake zote. Chumba kiko tayari.

Mama Vumbi aliutoa mkono wake.

"Nikishindwa nihame. Nikishinda nihame. Sasa mwanangu, tulikuwa tunashindania nini?"

Kifunguamimba aliinama akakunjua suruali yake.

"Niliwaahidi kwa sababu mlikuwa mnapiga kelele, na mimi nilikuwa na kazi. Hata wangetoka wembamba kama njiti, msingenitoa humu. Mngevunja banda nikiwa ndani."

Mkwe aliangalia viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Binti ndiye aliyesema mwisho, kwa sauti ndogo, kwamba yeye hakutaka ushindi wala nini, alitaka tu amsikie mama yake akipumua usiku. Kile chumba anakifagia kila siku. Anakifagia na hakuna anayeingia.

Hapo Mama Vumbi alilegea. Alimtazama binti yake, vile alivyokonda kwa wasiwasi, akaona kwamba hofu hii yote ilikuwa upendo, na kwamba yeye mwenyewe anajua vizuri upendo unavyoweza kusaga kitu mara mbili mpaka kisilike. Akamfuta shavu kwa kidole chenye uji uliokauka.

"Basi," akasema. "Chumba nakitaka."

Kifunguamimba akainua kichwa.

"Mvua zimekaribia," mama aliendelea, akishusha vyombo kamba moja baada ya nyingine, "na nimeshaagiza vifaranga wengine. Nyumbani kwangu mvua ikinyesha punje hazikauki, zinashika ukungu. Nataka mahali pakavu, penye upepo. Nyie wenyewe mmesema kuna feni."

Mkwe alicheka kwa sauti, mbele ya mama mkwe wake, mara ya kwanza tangu aoe, kisha akajiziba mdomo. Mama Vumbi alimtazama usoni, naye mara ya kwanza.

"Na godoro mlitoe, baba," alimwambia. "Linamaliza nafasi."